Darasa Lililoelewa Kila Kitu

Tumpale Mwangoka alifeli mara ya pili siku ya Jumatatu, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mbele ya watoto arobaini na watano ambao hawakuwepo.

Au tuseme walikuwepo kwa namna yao. Ukiingia Darasa Kielelezo la Chuo Kikuu cha Ualimu Kipengere, utakuta madawati halisi ya mbao, ubao halisi, chaki halisi ya kukuchafua mikono, na nyuma ya kila dawati mtoto wa mwanga: sweta la kijani, kola iliyochakaa, pengo la jino. Wanakohoa. Wanasukumana viwiko. Ukiwafundisha vibaya wanachungulia dirishani. Wanachuo walipaita Kwa Mizimu, na mlangoni wengine walipiga ishara ya msalaba, wengine bismillahi, maana humo ndimo leseni ya ualimu ilimotolewa au kunyimwa. Pata alama sabini, wewe mwalimu. Feli mara tatu, basi tena, katafute kazi nyingine chini ya jua.

Dkt. Theofrida Ngailo, mtahini, alikaa kwenye kiti chake nyuma ya darasa, kishikwambi mapajani. Tumpale alikuwa akifundisha kujumlisha sehemu, Darasa la Tano: nusu jumlisha theluthi. Alieleza vizuri, bila papara. Akauliza swali, mikono arobaini na mitano ikapanda, na kipimo cha uelewa kikasoma themanini na nane. Angemchagua yeyote wa mbele, akamaliza, akaaga, akaenda zake na leseni yake. Wapi! Alitembea hadi safu ya nne, akainama kwa yule mtoto ambaye orodha ilimwita Namba 31.

"Wewe hujaelewa, sivyo?" alimwambia kwa upole. "Hebu teremsha mkono. Tuanze upya, mimi na wewe."

Namba 31 akaganda. Mkono ulibaki hewani, macho hayapepesi. Akaganda na wa pembeni yake, na wa nyuma yake, mpaka darasa zima likatulia kama picha ya ukutani. Kipimo kikaporomoka: sabini, hamsini, thelathini na moja. Taa nyekundu ikawaka.

"Tumpale," Theofrida alisema, "ni mara ya pili hii unafanya jambo lilelile. Mtoto kanyoosha mkono, wewe unamwambia hajaelewa. Unamvunja moyo. Hukusoma saikolojia?"

"Nimesoma, madam."

"Sasa?"

"Sasa amenyoosha wa kushoto."

"Ni mashoto."

"Wote hawa?" Tumpale aligeuka, akawaonyesha kwa chaki wale walioganda. "Wahesabu, madam. Wa kulia ni kumi na wawili. Waliobaki wote wa kushoto. Umeona wapi mashoto thelathini na watatu katika darasa moja?"

Theofrida alitazama saa yake.

"Kwetu Rungwe," Tumpale aliendelea, "siku ya mgeni kuja kukaa nyuma, mwalimu alikuwa anatuambia mapema: nikiuliza, nyoosheni wote. Anayejua anyooshe wa kulia, asiyejua wa kushoto, nijue wa kumchagua, nisije nikaaibika. Tulikuwa tunampenda mwalimu wetu. Tulinyoosha."

Nje walikuwa wamepanga foleni watahiniwa kumi na mmoja. Theofrida alijibu kama ambavyo angejibu mtu yeyote mwenye foleni. "Alhamisi ndiyo mara yako ya mwisho. Kajiandae."

*

Mchana ule Theofrida hakwenda kula. Alijifungia ofisini, akavaa koti, maana Kipengere hata jua likiwaka baridi haikuachi, akafungua hifadhi ya utafiti.

Darasa Kielelezo halikushuka kutoka mbinguni. Kwa miaka kumi na miwili, kila mwanachuo aliyekwenda mafunzo kwa vitendo alifuatwa na mhadhiri mmoja na kamera moja. Mhadhiri alikaa nyuma ya darasa akijaza fomu. Kamera ilirekodi kila kope iliyopepesa. Masomo elfu sitini yalikusanywa hivyo, kutoka shule za lami na shule za kupandishwa milima kwa miguu. Mtambo ukayameza yote, ukajifunza mtoto ni nini: anasinzia lini, anacheka lini, anaelewa lini. Na namna ya kujua kwamba ameelewa ilionekana rahisi kabisa. Ananyoosha mkono.

Hilo la mashoto lilikwisha kuonekana zamani. Katika mwaka wa tatu wa utafiti, timu iligundua kwamba watoto saba katika kila kumi wa nyanda hizi wanatumia mkono wa kushoto. Hawakusema "hebu ngoja." Waliandika makala. Makala ilichapishwa, ikasomwa kwenye kongamano, ikapewa ngao ya kioo ambayo mpaka leo imo kwenye kabati la mapokezi. Theofrida alikuwa mwandishi wa tatu.

Sasa alifanya kitu ambacho hakuna aliyekifanya. Pamoja na kila somo zilihifadhiwa picha za madaftari ya watoto, zoezi la mwisho wa kipindi. Hakuna aliyewahi kuzihitaji, mikono ilitosha. Alichukua masomo mia mbili ya kujumlisha sehemu, akaweka mkono wa kila mtoto kando ya daftari lake. Waliokuwa wamenyoosha wa kulia, wengi walipata. Waliokuwa wamenyoosha wa kushoto, tisa katika kila kumi walikosa. Nusu jumlisha theluthi, mbili juu ya tano. Mbili juu ya tano. Mbili juu ya tano, ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko mzuri wa kutia huruma.

Ndipo lilipomjia. Yeye mwenyewe, Darasa la Nne, Makete, viatu vya kaka yake miguuni, na Mwalimu Kiswaga jasho linamtoka kwa sababu wakaguzi wawili wamekaa nyuma. Alinyoosha. Wa kushoto. Alikuwa hajui hata swali lilihusu nini, na alijivunia sana kumsaidia mwalimu wake.

Alijua, kumbe! Walijua wote, watafiti kumi na mmoja, wote watoto wa shule hizohizo. Hakuna aliyeficha. Mtu akishakalia kiti cha nyuma anasahau tu kilichokuwa kikifanywa kwa ajili ya kiti hicho, na katika masomo yote elfu sitini hakuna hata moja ambalo kiti kile kilikuwa kitupu.

Kesho yake, Jumanne, alikwenda shule ya msingi moja ng'ambo ya bonde. Mwalimu wa Darasa la Tano alikuwa zao lao, alama tisini na saba Kwa Mizimu, binti mchangamfu, zana zake za kufundishia zimebandikwa ukutani vizuri. Theofrida alikaa nyuma kipindi cha kwanza: mikono yote juu, mingi ya kushoto. Kipindi cha pili aliaga, akaacha kinasa sauti na kamera ndogo dirishani kwa idhini ya mwalimu mkuu, akaenda kukaa jikoni kwa wapishi wa uji.

"Karibu kikombe, dokta," mpishi alimwambia.

"Asante, mama. Wanakunywa wote?"

"Wote. Uji hauna asiyeuelewa."

Alipoirudia picha, aliona mikono kumi na mmoja. Mwalimu aliiangalia ile thelathini na zaidi iliyolala juu ya madawati, akatatizika kidogo kama mtu aliyepotea njia aliyoizoea, kisha akauliza, "Tumeelewa?" Darasa likaitikia kwa pamoja, "Ndiyooo!" Akafuta ubao, akasonga mbele. Hakuwa mvivu wala mbaya. Alifundishwa na watoto ambao hawajawahi kumwambia mtu hawajaelewa, kwa hiyo hakuwa na macho ya kuwaona wasioelewa.

*

Profesa Aidani Luvanda, mwasisi wa Darasa Kielelezo, alimsikiliza Theofrida mpaka mwisho, Jumatano asubuhi, bila kumkatiza. Alikuwa mzee wa miaka sitini na minne, aliyeibeba kamera ya kwanza mgongoni mwake kwenye mvua ya masika. Theofrida alipofika penye mashoto, mzee alicheka, akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akaacha kucheka.

"Tumewapa leseni walimu wangapi?" aliuliza, ingawa alikuwa anajua.

"Elfu nne mia moja na kumi na wawili."

"Kipimo kikiwa batili, leseni nazo ni batili. Sheria haina njia ya katikati, niliiandika mimi. Jumatatu darasani atasimama nani, Dokta? Wewe na mimi?"

"Prof, wanasimama sasa, na watoto hawaelewi."

"Baadhi hawaelewi. Kabla ya Darasa Kielelezo walikuwa hawaelewi vilevile, na walimu walikuwa wachache zaidi." Alisema hivyo bila hasira, kama anayesoma jedwali. "Kesho Bi. Shekilindi anakuja kutoka wizarani. Akisaini, mtambo huu unakwenda vyuo vyote vya nchi. Tukishaingia huko tutapata watu na vifaa, tutarekodi upya, viti vitupu, polepole. Miaka mitatu tumelirekebisha, na hakuna aliyevuliwa nguo hadharani."

"Mficha maradhi, Prof..."

"Kifo humuumbua, nalijua. Na anayetangaza maradhi ya watu elfu nne wasiomtuma, yeye humuumbua nani?"

Theofrida alimpenda mzee huyu. Ndiye aliyemfundisha kazi. Alimsimamia shahada zote mbili.

"Na yule binti?" aliuliza hatimaye. "Kesho ni mara yake ya tatu. Atafeli kwa kuwa ndiye peke yake anayeona."

"Basi asione kwa dakika arobaini tu. Kamwambie." Profesa alivaa miwani yake. "Si jambo kubwa, Dokta. Sisi sote tulivuka hivyo."

*

Alimkuta Tumpale nyuma ya bweni, anaanika sweta kwenye kamba. Walikaa kwenye ngazi za zege. Theofrida alimweleza yote, madaftari, mashoto, kipindi cha viti vitupu, na binti alisikiliza huku akikamua maji kwenye mikono ya sweta.

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi," alisema.

"Ulikuwa sahihi."

"Na nimefeli."

"Una njia mbili," Theofrida alisema. Alikuwa ameyapanga maneno haya tangu asubuhi, na kwake yalionekana ya haki. "Ukifundisha wanavyotaka, utafaulu, na nakuahidi nitasaini bila kusita. Ukifundisha unavyojua, utafeli. Lakini mtu akifeli mara ya tatu sheria inanitaka niandike sababu kwa kirefu, na sababu hizo zinasomwa wizarani. Kesho watakuwepo palepale. Nitaandika kila kitu."

Tumpale aliacha kukamua.

"Hebu nielewe, madam. Wewe una shahada ya uzamivu. Una ofisi, una muhuri, una jina kwenye makala. Una mdomo. Na unataka mimi nifeli ili wewe upate pa kuandikia?"

"Sikusema nataka. Nimesema ni hiari yako."

"Hiari!" Alisimama. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nyumbani wameshaanza kuniita mwalimu. Miaka mitatu nimelala njaa hapa, nimevaa sweta hili moja. Nisamehe, lakini mzigo ni wako, umeuona ni mzito, unatafuta kichwa cha kuubebea. Kichwa changu hapana."

Theofrida alitaka kusema Tumpale amemwelewa vibaya, na alijua amemwelewa barabara. Aibu ilimshika, aibu ya kweli, ile ya kumfanya mtu mzima ahangaike na vifungo vya koti lake.

"Pole," alisema.

"Nimeshapoa. Nitawafundisha wanavyotaka. Wewe ahadi yako?"

"Iko palepale."

*

Alhamisi Darasa Kielelezo lilikuwa limedekiwa mpaka linanuka sabuni. Viti vitatu viliwekwa nyuma. Cha katikati alikaa Bi. Mwanaidi Shekilindi, mama mfupi wa Kitanga mwenye ushungi wa kijivu, ambaye alikuwa amefundisha Darasa la Kwanza miaka kumi na saba kabla ya kwenda wizarani. Kulia kwake Profesa, kushoto kwake Theofrida.

Tumpale aliingia, akasalimia, watoto wa mwanga wakasimama kwa kishindo. Nusu jumlisha theluthi. Aliuliza swali, mikono yote ikapanda, naye akamchagua Namba 7, safu ya mbele, mkono wa kulia. Jibu likaja. "Mpigieni makofi matatu!" Wakapiga. Akamchagua Namba 12, akamchagua Namba 3. Alipita kando ya Namba 31 bila hata kumtupia jicho, na kipimo kikapanda kwa raha zake: themanini, tisini, tisini na sita.

Profesa alishusha pumzi. Theofrida alisikia vibaya, vibaya kweli, kama mzazi aliyemwona mwanawe akidanganya kwa mara ya kwanza na kuupatia uongo wenyewe.

Alisaini. Alipiga muhuri. "Hongera, mwalimu," alimwambia, akamkabidhi leseni namba elfu nne mia moja na kumi na tatu.

"Asante, madam." Binti aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kwa wakubwa, akatoka. Mlango ukajifunga.

"Mashallah," alisema Bi. Shekilindi. "Kijana anajua kazi." Akafungua mkoba, akatoa mkataba na kalamu.

"Kabla hujasaini, mama, nina neno," alisema Theofrida.

"Dokta," Profesa alisema taratibu.

"Nivumilie, Prof. Ni zito, lakini ni langu."

Alisema kwa dakika kumi hivi. Hakutumia maneno ya kitaaluma. Alionyesha madaftari ukutani, moja baada ya lingine, mbili juu ya tano, mbili juu ya tano. Alionyesha mikono kumi na mmoja ya shule ile ya ng'ambo. Alisema makala ya mashoto ina jina lake. Profesa alikuwa akitazama viatu vyake, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee kuliko umri wake. Watoto wa mwanga walikaa wima wakisikiliza, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuwazima.

Bi. Shekilindi alirudisha kofia ya kalamu. "Sisi pale shuleni kwetu tulikuwa tunawaambia wasiojua wakunje ngumi," alisema. "Nilifanya hivyo miaka yote kumi na saba. Na leo nimekaa hapa nikapiga makofi." Akamgeukia Theofrida. "Wewe kwa mkono wako umesaini ngapi?"

"Elfu moja mia tisa na sita."

"Ukijua?"

"Bila kujua, mama. Isipokuwa moja."

Nje, barazani, vilisikika vigelegele. Mtu alikuwa akiongea kwenye simu kwa sauti ya juu, maneno yanagongana, anacheka, anaanza tena.

"Ndiyo hiyo?" aliuliza Bi. Shekilindi.

"Ndiyo hiyo."

"Nikiufunga mtambo huu leo, leseni zote zinasimama mpaka wapimwe upya, hata miaka iende. Na ya kwake ni mojawapo. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Ulilijua unasaini?"

"Nililijua. Nilikuwa nimemwahidi."

Mama yule alimtazama kwa muda, si kwa ukali wala kwa huruma, kama mwalimu anayesahihisha daftari. Kisha akauchana mkataba katikati, kipande kwa kipande, akaviweka mkobani ili asichafue sakafu.

"Basi mimi nimefanya langu," alisema. "Lako hilo hapo nje. Asije akalisikia kwenye redio. Nenda ukamwambie mwenyewe."

Theofrida alifungua mlango. Tumpale alikuwa ameegemea nguzo ya baraza, leseni ameikumbatia kifuani, na alipomwona alisahau ya jana yote. Alimkimbilia, akamkumbatia, uso umelowa machozi.

"Madam, madam, ongea na mama! Anataka kukushukuru, haniamini mpaka akusikie mwenyewe!"

Simu ilikuwa tayari sikioni mwa Theofrida. Sauti ya mama mtu mzima, iliyopasuka kwa furaha, ilikuwa ikisema ndaga, ndaga fijo, asante sana mwalimu, Mungu akuzidishie, umemfanya mwanangu mtu, na nyuma yake watu wa nyumba nzima walikuwa wakiimba.

"Shikamoo, mama," alisema Theofrida, akangoja amalize kushukuru.